Kadi ya Kichwa cha Kumi

Kabla ya kuwako kadi, mihuri na pointi, mteja wa saluni ya shangazi yangu huko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alijulikana kwa deni lake. Palikuwa na daftari refu la jalada jeusi, ambalo majina yaliyokuwamo hayakuandikwa kama yalivyokuwa katika vyeti vya kuzaliwa, bali kwa namna mtaa ulivyowajua wenyewe, mke wa serahangi, mama wa mapacha, yule wa nyumba ya pembeni mwa msikiti. Na mkabala wa kila jina palikuwa na kiasi cha fedha, kilichopigwa mstari kilipolipwa na kufuatiwa na kingine juma lililokuja. Mwanamke aliyedaiwa aliona haya kwenda kusukwa mahali pengine ilhali jina lake limo daftarini, na shangazi, kwa upande wake, hakuthubutu kumkasirisha mdeni wake asije akalipoteza deni pamoja na mtu. Wafanya biashara wa siku hizi, ambao hutoa fedha nyingi ili wafundishwe jinsi ya kumrudisha mteja, wangestaajabu kuona kwamba katika miaka ya 1980 kazi hiyo yote ilifanywa na penseli.

Juu ya daftari palikuwa na jamala. Mama aliyemleta binti yake kupambwa kwa arusi, akalipia singo, hina na piko pamoja na nywele za jamaa waliofuatana naye, hakuondoka bila ya wasichana wake wadogo kutiwa hina viganjani bure. Mteja wa miaka mingi alifungiwa asumini katika jani la mgomba. Na ilipofika Idi, watoto wa wateja walipita wakapewa mkono wa Idi kana kwamba ni watoto wa nyumba. Hakuna aliyekijua kipimo cha fadhila hizi isipokuwa shangazi mwenyewe, na kipimo hicho, nasema bila ya kumvunjia heshima, hakikuwa cha insafu. Aliyejulikana ukoo wake alipata. Mgeni, hata awe anakuja kila juma na kulipa taslimu, alirudi kwake na nywele zake tu.

Na wageni ndio waliozidi. Katika miaka ya 1990 viti vya saluni vilikaliwa na makarani wa benki, wauguzi wa hospitali ya Makadara, walimu waliovuka feri kutoka Likoni, watu ambao baba zao hatukuwajua na wala hawakuwa na haja ya sisi kuwajua. Dawa za kulainisha nywele, draya, na nywele za bandia za kusukia ziliutoa ususi barazani, ulikokuwa kazi baina ya jamaa na majirani, zikaufanya biashara ya umeme, maji, kodi na leseni. Mtu hamkopeshi mwenziwe chupa ya dawa aliyoinunua kwa fedha mkononi. Daftari likafungwa kidogo kidogo, ukurasa baada ya ukurasa, na sisi tulifurahi kuona madeni yamekwisha, hali tukishangaa kwamba wateja waliolipa yote waliyodaiwa ndio hao hao tuliowakuta wakitoka katika saluni mpya za Bondeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nami wakati huo nikimshikia shangazi hesabu zake, binamu yangu alirudi kutoka Dubai na kadi ya duka la kahawa, iliyochorwa vikombe vya kupigwa muhuri, cha mwisho kikiwa cha bure. Shangazi akaigeuza pande zote mbili.

"Na huyu atoaye kikombe cha bure," aliuliza, "hukitoa kwa mapenzi au kwa hesabu?"

"Kwa hesabu, shangazi."

"Basi na tufanye hesabu kwanza. Mapenzi yatafuata nyuma yakipenda."

Hesabu hiyo ina taarikhi ndefu kuliko tulivyodhani. Huko Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi walioanzisha duka la ushirika mwaka wa 1844 waligawana faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Katika Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, maduka yalitoa stempu ambazo mnunuzi alizibandika kitabuni mpaka zikatosha kubadilishwa kwa bidhaa. Na mwaka wa 1981 American Airlines ikaanza kuwahesabia abiria wake maili. Lakini mwanachama wa Rochdale alikuwa mwenye duka, na alichorudishiwa kilikuwa mali yake, ambapo mwenye kadi ya kahawa ana ahadi tu mfukoni, naye aliyeitoa amejitia katika deni. Shangazi, ambaye hakupata kusikia habari za Rochdale, alilitambua jambo hili upesi kuliko mimi niliyesomea hesabu: alisema kwamba zamani sisi tulikuwa tukiwawia wao, na sasa sisi ndio tutakaowiwa.

Rai ya kwanza ilikuwa bahati nasibu, majina yatiwe kikapuni na mmoja atolewe kila mwezi kwa kupambwa bure, nayo ilikataliwa kabla haijamalizika kusemwa, kwa kuwa shangazi hakutaka chochote chenye harufu ya kamari kiingie katika riziki yake. Alitaka zawadi iliyo wazi, ijulikane ni ya nani, ya nini, na lini. Tukakubaliana juu ya vichwa tisa vya kulipwa na cha kumi bure, tukachapisha kadi za manjano kwa mchapaji wa Barabara ya Digo, tukachongesha na muhuri wenye umbo la kitana.

Kwa macho ya mteja hilo lilikuwa punguzo la 10 kwa mia, na mtu atasema si kitu. Kwa macho ya nyumba lilikuwa jambo jingine, kwa sababu msusi wetu hakuwa na mshahara. Alikuwa na fungu lake, shilingi 40 katika kila 100 aliyolipa mteja. Tuseme kichwa ni shilingi 500: vichwa kumi vya kulipwa huiachia nyumba 3,000, na msusi huchukua 2,000. Kichwa cha kumi kikiwa bure, nyumba hupokea 2,700 kwa vile tisa, kisha, ikiwa ina haya, humlipa msusi 200 zake kwa kile cha kumi, ikabaki na 2,500. Sehemu moja katika sita ya pato la nyumba imekwenda, kabla ya kuhesabu mafuta, maji na umeme. Na nyumba isipokuwa na haya, kama zilivyokuwa saluni kadha wa kadha nilizozijua, anayetoa zawadi ni msusi, kwa mgongo wake, saa nne akiwa amesimama kwa jamala ambayo hakuiahidi yeye.

Siku za mwanzo mambo hayo hayakuwa yameandikwa popote, nao wasusi waliyasoma kwa njia yao. Mwenye kadi iliyojaa alikaribishwa kwa maneno mazuri, kisha akapitwa na huyu na yule mpaka alasiri, na mwishowe akasukwa mistari minene ya haraka haraka. Shangazi alipoligundua, aliwakusanya wote akawaambia kwamba fungu la kichwa cha bure litatoka katika kisanduku chake. Na zawadi yenyewe tukaigeuza, mteja akapewa hiari baina ya kusukwa na kufanyiwa stimu pamoja na hina ya mikono miwili, vitu ambavyo thamani yake ni kubwa kwa mpokeaji kuliko gharama yake kwa mtoaji. Aghalabu walichagua hina.

Muhuri nao ulikuwa na visa vyake. Mafundi wa mihuri hukaa kandokando ya njia mjini, na kitana si sura ngumu kuchonga. Kadi zilianza kujaa kwa kasi ambayo hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuihimili. Tukaongeza tarehe na alama ya kalamu ya msusi aliyesuka, na alama hiyo, iliyokusudiwa kuzuia wizi, ndiyo iliyotufunulia jambo kubwa kuliko wizi.

Tulipozikusanya kadi zilizojaa na kuzitandaza mezani, tuliona kwamba kila moja, isipokuwa chache, ilikuwa na alama ya mkono mmoja tangu juu mpaka chini. Wateja wetu hawakuwa wateja wetu. Walikuwa wa msusi huyu au wa yule, wamemzoea vidole vyake, asiyewavuta utosini, ajuaye siri ya upara unaoanza karibu na sikio na asiyemwambia mtu. Na msusi mmoja mwenye mkono mwepesi alipohamia saluni nyingine, alifuatwa na watu wake wote, wengine wakiwa na mihuri saba au minane ambayo hawakurudi kuidai. Hapo ndipo nilipoona kwamba mihuri tisa ni kifungo hafifu mbele ya vidole viwili vya mwanamke anayejua kichwa chako, na tangu hapo, nikimsikia mtu akisifu kadi kwamba humfunga mteja, humwuliza tu ni nani asukaye.

Kwa hiyo utaratibu ukapinduliwa. Kila kadi iliyojaa ilimwandikia bakshishi yule ambaye alama yake ilikuwa nyingi humo, na bakshishi zikalipwa kwa pamoja mwishoni mwa Ramadhani, wakati nguo za watoto zinaponunuliwa. Ramadhani yenyewe tuliitumia kwa njia nyingine. Mchana wa mwezi huo saluni hupwaya, na siku za kuamkia Idi watu hujaa hata ngazini. Basi aliyekuja katika majuma mawili ya kwanza alipigwa mihuri miwili, na katika siku tano za mwisho hapakuwa na muhuri kwa mtu yeyote. Arusi za Mfunguo Mosi hazikuhitaji kadi.

Simu ilikuja na mengine. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, na watu wakazoea kulipa kwa simu, kila malipo yalileta jina na saa, hata binamu akaweza kusema ni nani hajaonekana tangu mwezi jana. Na wateja, waliokwisha kuzoea pointi za Bonga za Safaricom, hawakuhitaji kufundishwa. Lakini wanawake wa mtaa wetu hawakupenda namba zao ziandikwe, na ujumbe wa kuwakumbusha nywele uliwahi kusomwa na waume ambao hawakuambiwa bei. Tukaweka sharti kwamba namba haichukuliwi ila kwa idhini, na picha ya kichwa cha mtu haipigwi kamwe, miaka mingi kabla ya Kenya kupitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka wa 2019.

Sasa binamu ndiye mwenye saluni, na kadi zimo simuni. Alitaka pointi zote zikome baada ya miezi 12, kwa hoja kwamba ahadi isiyo na mwisho haiwezi kuhesabiwa, nami kama mshika hesabu sikuweza kumkosoa. Shangazi, ambaye hukaa karibu na mlango na bado huulizwa, alikubali kwa za simu, akakataa kwa zile za manjano. Basi katika hesabu za kila mwaka mimi huandika mstari mmoja chini ya madeni, vichwa vya karatasi, na mkabala wake kiasi ambacho hukikisia tu.