Shajara ya Asali ya Kahawa

Bwera, 9 Machi

Mibuni imechanua! Mvua ya juzijuzi imefanya kazi yake. Mlima mweupe, harufu ya asumini mpaka barabarani. Siku mbili tatu tu, kisha maua yatanyauka. Nyuki wanajua; mizinga inavuma tangu alfajiri. Nimepita nikiwasihi watu waweke alama kwenye masega mapya, mbochi wa kahawa usichanganyike na wa zamani. Wachache wamesikia. Palizi imewabana, nitawalaumu vipi?

Bwera, 12 Aprili

Kurina asali. Mikono inanata mpaka sasa. Mzee wa kule juu ametenga masega ya kipindi cha kahawa, dumu lake peke yake, kamba nyekundu shingoni. "Onja, mwanangu. Hii ni kahawa." Nimeonja. Namwamini. Ila mnunuzi anataka ushahidi.

Mama wa bondeni amemimina yote pamoja, na anataka bei ya asali ya kahawa. Ada ya muhula wa pili hiyo. Nimemwambia, "Tusubiri kipimo, mama." Amenitazama tu.

Nimepima unyevu. Karibu madumu yote yako chini ya asilimia 20, kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula. Moja limezidi: masega yalikatwa nyuki hawajayafunga kwa nta. Litachacha. Nimeliweka kando.

Kasese, 16 Aprili

Hadubini siku nzima, macho yanauma. Gramu 10 za asali, mililita 20 za maji ya vuguvugu, mashine izungushe, mashapo yakae chini. Tone la mashapo kwenye kioo. Halafu kuhesabu chembe 500 za chavua, bila haraka.

Raha yake siwezi kumweleza mtu. Mkaratusi: pembetatu ndogo. Kaliandra: chembe nane zimeshikana, bapa, kubwa. Pamba: dude la miiba. Mahindi: duara laini lenye tundu moja, hayo nayatoa kwenye hesabu, mahindi hayana mbochi. Na kahawa, mviringo wenye mifereji. Nikiiona moyo unaruka.

Dumu la mama: mkaratusi umepita nusu. Kahawa ipo, lakini haifiki hata theluthi.

Kasese, 17 Aprili

Usingizi haukuja. Kwa kawaida ua linastahili jina likifikisha asilimia 45 ya chavua. Lakini mkaratusi humwaga chavua nyingi kuliko mbochi wake. Wataalamu huudai asilimia 70 na zaidi kabla ya kuipa asali jina lake. Kwa hiyo dumu la mama si la mkaratusi. Wala si la kahawa. Michungwa ni kinyume: chavua kidogo, mbochi mwingi. Kuhesabu peke yake hakutoshi.

Dumu la mzee sijaligusa. Naogopa.

Kasese, 18 Aprili

Kahawa, zaidi ya nusu! Nimehesabu upya kwa kioo kingine. Zaidi ya nusu tena. Nilitaka kumpigia mzee papo hapo, nikajizuia. Chupa ndogo zimepanda basi la usiku kwenda maabara Kampala: kafeini, sukari, na HMF, kemikali inayopanda asali ikichemshwa.

Mbochi wa kahawa una kafeini kidogo. Watafiti walitangaza mwaka 2013, katika jarida la Science, kwamba kafeini hiyo humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua. Mbuni unamlipa nyuki ili arudi! Nikikuta kafeini ndani ya asali, mzee ana shahidi wa pili.

Mpondwe, 25 Aprili

Mfanyabiashara ana madumu kutoka ng'ambo ya mto Lubiriha, mpakani. Anataka nimwandikie kwamba ni ya Kasese. Nimekataa. Mibuni iko pande zote mbili za mpaka, chavua ni ileile. Hadubini itanionyesha ua, haitanionyesha nchi. Hapo kinachohitajika ni daftari: mzinga wa nani, kijiji gani, siku gani. Kaondoka amenuna.

Kasese, 2 Mei

Majibu! Dumu la mzee: kafeini imo, ya kutosha. HMF iko chini sana. Nchi za joto zinaruhusiwa mpaka miligramu 80 kwa kilo, sisi hatujakaribia. Hakuna aliyeichemsha. La mama: kafeini kidogo mno, ila asali safi kabisa. Sukari sawa, unyevu sawa.

Nimefurahi na nimehuzunika saa ileile.

Bwera, 4 Mei

Nimewaambia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikwambia." Mama aliuliza swali moja: "Yangu ni mbaya?" Hapana, mama. Ni nzuri, ni ya maua mengi, na itauzwa kwa jina hilo. Mwakani nitakuja kwako mapema, mibuni ikianza tu kufunga vitumba, tutenge masega pamoja. Amekubali. Bei ya sasa haitamtosha. Hilo linaniuma na sina dawa yake leo.

Codex inadai asali yenye jina la ua itoke kwa ua hilo yote au sehemu kubwa, na ladha, kemia na hadubini vikubaliane. Kwa mzee vyote vitatu vimekubaliana. Kwa hiyo msimu huu dumu la kamba nyekundu ndilo pekee litakaloandikwa asali ya kahawa. Mengine yote, ukiacha lile lililozidi unyevu: asali ya Rwenzori, maua mchanganyiko.