Jina la Aliyekiona: Siku Tatu za Nakuru na Menengai



Walionizoea katika ukurasa huu wanajua kuwa safari zangu aghalabu huwa za misikiti mikongwe, visima na makaburi ya wazee wetu. Safari hii ilikuwa ya kikopo. Ni kikopo cha plastiki, ukubwa wake kadiri ya kikombe cha kahawa, kilichofichwa na mtu nisiyemjua juu ya ukingo wa Menengai, nami nilipanda mlima mara mbili kwa ajili yake, mzee wa miaka hamsini na ushei, nimevaa kanzu na juu yake sweta la kuazima.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, mimi na mama watoto tulimchukua binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka 12, twende tukamzuru dada yangu aliyeolewa Nakuru, mtaa wa Bondeni. Tulipanda gari la moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu, takriban kilomita 160 nyingine. Mtu wa pwani akifika pale ardhi inapokatika ghafla baada ya Limuru, na Bonde la Ufa likafunguka chini yake na mlima Longonot umekaa katikati kama chungu kilichovunjika mdomo, hunyamaza. Hata watoto wa ndani ya matatu walinyamaza. Tulipita Naivasha, tukapita Gilgil, tukaliona ziwa Elementaita limelala jeupe upande wa kushoto, na jua lilipokuwa likishuka tukaingia Nakuru, mji uliopewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Uko juu sana kupita usawa wa bahari, na mifupa yetu iliambiwa habari hiyo kabla ya masikio yetu.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 19 asomaye chuo, ndiye aliyetutia katika mambo ya vikopo. Mchezo wenyewe huitwa jiokeshingi. Mtu huficha chombo mahali, akaandika vipimo vya mahali hapo kwa GPS, na wengine wakavifuata kwa simu zao hadi wakipate. Ndani huwamo karatasi ya kuandika jina na tarehe, na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Asili yake ni ya juzi tu. Mwezi wa Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipotosha vipimo vya GPS kwa watu wa kawaida, na tarehe 3 ya mwezi huo bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatia ndani daftari na kalamu, akawatangazia watu: chukua kitu, acha kitu, andika jina. Walakini Waingereza walikuwa na mfano wake tangu 1854, pale James Perrott alipoweka chupa katika nyika ya Dartmoor ili kila afikaye aache kadi yake. Binadamu hupenda kuacha neno kwamba alifika.

Kilichonivuta mimi si kutafuta. Ni adabu zake. Nilimwuliza mpwa wangu, "Na mtu akisema amekiona naye hakukiona, nani atajua?" Akanijibu, "Mjomba, kama jina lako halimo kwenye karatasi, mwenye kikopo ana haki ya kukufutia." Nikastaajabu. Kumbe wana ushahidi na wana kadhi wao.

Adabu nyingine alinieleza tukiwa njiani. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa nacho au zaidi. Usiweke chakula, kwa kuwa nyani na panya hawasomi kanuni. Rudisha chombo pale pale ulipokikuta, si mahali unapoona wewe ni pazuri zaidi. Usiandike maneno yatakayomfichulia mwenzako mahali kilipo. Katika hifadhi kama ile ya Ziwa Nakuru mtu haweki chombo bila idhini ya wenyewe. Na ukishapata, mshukuru aliyeficha, kwa sentensi yenye uhai, si kwa herufi nne za mkato kama mtu anayelipa deni kwa shingo upande.

Siku ya kwanza tulipanda Menengai baada ya staftahi. Menengai si mlima wenye ncha, ni mlima uliobomokea ndani yake. Ukifika ukingoni unaona shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 12 kwa 8, na chini kabisa, karibu mita 500 pale penye kina kirefu, mawe meusi ya volkeno yaliyoganda, vichaka, na mivuke meupe inayopanda kimya. Huko chini Kenya imekuwa ikichimba visima vya mvuke wa kuzalisha umeme tangu 2011. Wazee wa Kimaasai husimulia kuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19 wapiganaji wengi waliangukia humo. Mama watoto alisimama nyuma kabisa akamshika binti yetu buibui lake kwa nguvu, na hakuliachia mpaka tulipoondoka.

Tulitafuta saa nzima na nusu, hatukukiona. Simu ilituzungusha, mara hatua tatu huku, mara hatua tano kule. Mpwa wangu alisema hiyo ni kawaida, kipimo hukosea mita kadhaa. Mvua ikaanza. Hapo kijana akasema, "Tumeshafika hasa, mjomba. Nitaandika tumekiona, kesho nikirudi nitatia saini." Sikumjibu. Mama yake, yaani dada yangu, ndiye aliyesema, "Na kesho usiporudi?" Akacheka, akaandika hatukukiona. Baadaye alinieleza kuwa neno hilo nalo lina faida kubwa: watu watatu wakiandika hawakukiona, mwenye kikopo hujua huenda kimeibwa au kimesombwa, akaja kukagua. Anayeona haya kuandika kwamba ameshindwa humnyima mwenzake habari.

Alasiri tulikwenda Hyrax Hill, kilima kidogo kando ya barabara ya Nairobi. Mahali hapa ninapasifu kuliko ziwa lenyewe, ingawa wageni wengi hukimbilia flamingo. Louis Leakey alipagundua mwaka 1926, na Mary Leakey akachimba 1937 na 1938. Kuna makaburi ya watu wa kale, misingi ya nyumba za mawe, na mbao za bao zilizochongwa juu ya mwamba wenyewe. Binti yetu aliweka kokoto akataka kucheza papo hapo. Na humo katika udongo zilipatikana sarafu sita za Kihindi. Sarafu za Bara Hindi, katikati ya Bonde la Ufa! Mtu fulani alizileta hata zikaangukia pale, wala hakuandika jina wala tarehe.

Nilikaa juu ya jiwe nikiwaza watu wa misafara. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hizi, Naivasha hata Baringo, na maporomoko ya Nyahururu yakaitwa kwa jina la Thomson miaka na miaka. Lakini Thomson hakupita peke yake. Alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, mtu aliyeijua njia ya Umasaini, na watu wa pwani walikuwa wakifika Baringo kabla yake. Kwa haki ni lazima niseme kuwa Thomson mwenyewe alimtaja Kimameta katika kitabu chake. Waliokuja baadaye ndio waliofupisha, wakabakisha jina moja.

Siku ya pili tulirudi Menengai asubuhi mapema, ukungu ungali ndani ya shimo kama maziwa kwenye bakuli. Mpwa wangu alikuwa mbele na simu yake. Binti yetu alikuwa nyuma, hana simu, akitazama chini. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Kaka, mawe haya mtu ameyapanga." Tulikuwa tumelipita rundo lile mara nne. Akainama, akatoa kikopo. (Sitasema ni karibu na mti gani, na hata hili la mawe huenda nimekwisha kuvunja adabu.)

Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, penseli fupi, gololi ya kijani na kifutio. Binti alichukua gololi, akaacha kauri aliyoiokota ufuoni kwetu na kuibeba mfukoni tangu Mombasa. Mpwa wangu akaandika kwenye karatasi jina lake la mchezo na tarehe, akakifunga kikopo, akakirudisha vizuri. Kisha akaandika kwenye simu, akatusomea: "Nimekiona baada ya siku mbili za kutafuta. Ahsante kwa kutuleta mahali pazuri."

Binti yetu hakusema kitu. Alitutangulia kushuka. Mama yake alinitazama mimi, si kijana, kwa mtazamo ninaoujua.

Na alikuwa na haki ya kunitazama. Miaka mingi nyuma niliandika katika kurasa za namna hii habari za kisima kimoja cha Lamu: nani alikichimba, kwa nini maji yake huchotwa upande mmoja tu. Watu waliisifu makala, na msikitini walinipa mkono. Habari yote ile nilipewa na bibi mmoja kizee, barazani kwake, asubuhi nzima, naye akinipikia chai mara mbili. Katika makala niliandika "utafiti wangu umeonyesha". Alisomewa na bintiye. Nilipopita tena mwaka uliofuata alinikaribisha vilevile, akanipa chai vilevile, akasema, "Sheikh, jina langu silitaki gazetini. Lakini ungalisema tu kwamba ni mwanamke wa mtaa huu aliyekwambia." Nilimwahidi nitasahihisha. Alifariki kabla sijasahihisha, maana kila wiki nilikuwa na jambo jingine la kuandika.

Nilimwambia mpwa wangu habari hii palepale njiani, mbele ya mama yake. Aliinamisha uso. Akasema, "Sikukusudia, mjomba. Yeye hana akaunti, nikaona haitahesabika kwake." Nikamwuliza, "Karatasi ina akaunti?" Akasema haina.

Tulipanda tena, mara hii kwa miguu yenye malalamiko. Kikopo kilitolewa tena. Kijana alitaka kufuta jina lake kwanza. Nikamkataza, kwa kuwa jina lake si uongo, alikuwapo. Akampa binti penseli. Hapo mama watoto akaingilia, na nawaomba kina mama wenzake wamsikilize: jina la mtoto lisiandikwe, wala la shule, wala la mtaa, kwani hatujui nani atafungua karatasi kesho, na yaliyo kwenye simu husomwa na dunia nzima. Binti akafikiri kidogo, kisha akaandika mstari wa pili, kwa mwandiko wa madrasa uliokaa sawasawa: Kauri, wa Mombasa. Na kwenye simu mpwa wangu akayabadilisha maneno yake hivi: "Kilionwa na binti ya mjomba wangu, ambaye hakushika simu. Mimi nilikipita mara nne."

Nami niandike langu. Habari za kisima cha Lamu nilizozichapisha chini ya jina langu nilielezwa na mwanamke wa mtaa ule, barazani kwake, naye alizipokea kwa nyanya yake. Sikufanya utafiti wowote zaidi ya kunywa chai. Bintiye hupokea jarida hili. Nimempigia simu kabla ya kulipeleka kwa mhariri, akasema niandike.

Juma lililopita mpwa wangu alinitumia ujumbe. Kuna watu walifika Menengai, wakaandika kuwa wamechukua kauri na kuacha kifungo cha shaba, na kwamba hawajapata kuona bahari. Wamemshukuru Kauri wa Mombasa. Binti yetu ameusoma ujumbe ule mara nyingi, sasa anauliza likizo ya Desemba tutakwenda wapi.