Jina la Cheti na Gunia la Mpunga



Wapendwa, kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapomalizika mwezi Mei, hapa kwetu Kisawasawa ndipo mpunga unapovunwa. Mambo haya mawili hukutana katika nyumba moja, lakini mara nyingi hayazungumzwi katika kikao kimoja. Baba anahesabu magunia, kijana anahesabu alama. Juma hili tunaomba yahesabiwe pamoja.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Twayasema haya kwa kuwa vitabu vya ubatizo tunavitunza sisi, na wazazi hutujia wakiwa na haraka. Mtoto alibatizwa Yohana, shuleni akaandikishwa John, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu na cha kidato cha nne hakina. Nyumbani wote wajua kuwa ni mtu mmoja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimjui. Yenyewe husoma karatasi. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa, cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya hivyo. Kusawazisha majina huchukua siku na fedha, kwa hiyo lianzeni jambo hili mtoto angali kidato cha tano.

Tangu mwaka 2017 maombi hayapitii tena mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana huomba chuo kwa chuo. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, ni lazima athibitishe kimoja kabla ya siku iliyowekwa. Na ikiwa wakati huo yuko kambini JKT? Awepo mtu nyumbani, dada au mjomba, anayejua nywila yake na anayefuatilia matangazo.

Kuhusu gharama, tuseme wazi: mkopo si zawadi. Atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Tena si kila aombaye hupata, na apataye huenda akapewa sehemu tu ya mahitaji.

Mama mmoja alitujia akiuliza kama auze shamba lake ili binti yake aanze mwaka wa kwanza. Hatukumjibu upesi. Tulimwuliza, mwaka wa pili atauza nini? Shahada nyingi ni miaka mitatu, na udaktari ni mitano. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema shamba hilo ndilo linalowalisha wadogo zake binti. Tuliketi naye tukapanga upya: magunia kadhaa yasiuzwe wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, bali yangoje hadi karibu na vyuo kufunguliwa, shangazi naye atoe nauli. Anayeuza mpunga ungali shambani humtajirisha mlanguzi.

Wala si lazima kila mtoto aende Dar es Salaam. Ifakara, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Francis cha sayansi za afya, kilichoanza mwaka 2010. Mwanafunzi aliye karibu aweza kuletewa mchele wa nyumbani, na hilo si jambo dogo kwa bajeti ya mwezi.

Huko chuoni hakuna kengele ya kuamsha wala mwalimu wa zamu. Fedha ya kujikimu, ambayo wenyewe huiita bumu, huingia kwa mkupuo. Kijana ambaye hajapata kushika fedha nyingi hivyo aweza kuimaliza kwa simu na viatu, kisha akaona haya kupiga simu nyumbani. Wazazi, mpigieni ninyi, na msiulize matokeo tu. Muulizeni amekula nini.

Wanaotafuta vyeti vya ubatizo waje na jina kamili la mtoto, majina ya wazazi na mwaka aliobatizwa. Kwa waliobatizwa parokia nyingine, kitabu kiko huko.