Fundi wa Spika za Jukwaani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, studio za Dar es Salaam hazikuwa na nafasi ya fundi mitambo mgeni. Bongo Fleva ilikuwa imeshika kasi, lakini mtayarishaji ndiye aliyepiga kinanda, ndiye aliyerekodi, na mara nyingi kompyuta yenyewe ilikuwa yake. Mgeni ulikaa kwenye kochi mpaka jioni. Nikahamia kwenye bendi za muziki wa dansi.

Twanga Pepeta walikuwa wakijaza Mango Garden, Kinondoni. Sikinde walikuwa na DDC Kariakoo. Na Msondo, walioanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bado walikuwa na watu wao. Muziki ulianza usiku, ila kazi ilianza alasiri gari la vyombo lilipofika. Nikawa mbeba spika. Cheti hakikuulizwa, uliangaliwa unavyokunja waya, na kama unaigundua jeki iliyolegea kabla haijaanza kukwaruza.

Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, alinikabidhi kazi ambayo wenzangu waliikwepa: spika za jukwaani, zile zinazomwelekea mwimbaji.

"Dogo, waliolipa kiingilio hawatakujua," aliniambia. "Atakayekujua ni yule asiyeisikia sauti yake."

Alikuwa sahihi. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele, na kufika saa nane usiku koo limekwisha. Ukimwongezea sauti ovyo, maiki inaidaka sauti ya spika na kuirudisha, mluzi unatoboa masikio. Dawa ni kuigeuza spika itazame mgongo wa maiki, kisha kupunguza kwenye ikwalaiza yale masafa yanayolia, hayo tu. Mchezaji dansi hajui kilichofanyika. Mwimbaji anajua, maana kesho ana onyesho jingine.

Na waimbaji wa Dar walikuwa hawatulii. Leo bendi hii, mwezi ujao bendi ile, na kila aliyehama aliondoka na namba yangu ya simu. Mpiga besi alipopata harusi Sinza, aliniita. Mwimbaji aliyeokoka alinipeleka kwa kwaya yake. Dansi lilitegemea mapato ya mlangoni, na mvua ikinyesha tuligawana nauli. Kodi ya chumba ililipwa na harusi na makanisa.

Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwa wanatarajia niwape namba ya mwenye vyombo. Nawaelekeza kwa mwimbaji aliyekaukiwa sauti.