Chole, Kijiji Kilichokuwa Makao Makuu

Kutoka Dar es Salaam nilipita Mkuranga na Kibiti hadi Nyamisati, nikavuka bahari mpaka Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, kisha bodaboda ikanifikisha Utende. Hapo ndipo mashua za kisiwa cha Chole husubiri abiria. Maji yakijaa, kuvuka ni dakika chache. Yakitoka, unakunja suruali na kuifuata mashua iliko.

Leo Chole ni kijiji chenye watu kama elfu moja, lakini zamani Mafia nzima ilitawaliwa kutoka hapa. Mji wa Kua, kisiwani Juani, ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na Chole ikachukua nafasi yake. Wajerumani walipoitwaa Mafia mwaka 1890 walitawala kutoka hapa. Mwaka 1913 walihamia Kilindoni, kwenye kina kinachofaa meli kubwa. Sehemu ya kisiwa bado inaitwa Chole Mjini. Nilipita kwenye magofu yake, mizizi ya miti imezikumbatia kuta na popo wamejaa juu ya miembe.

Karibu na pwani nilimkuta mzee anayeunda mashua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu Chole.”

Nilimuuliza kijiji kina watu wangapi. Akaweka tezo chini. “Inategemea unauliza msimu gani,” akasema. “Vijana wakienda dago, hapa tunabaki wazee, wanawake na watoto.”

Jibu lile lilinigusa kuliko takwimu nilizokuja nazo. Sensa ya 2012 iliipa Wilaya ya Mafia watu 46,438. Ile ya 2022 iliuliza nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mvuvi aliyelala dago, yaani kambi ya uvuvi, usiku ule alihesabiwa huko dagoni, ingawa mke, nyumba na minazi yake viko Chole. Kwa hiyo daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji lina uzito wake. Anayezaliwa, anayehamia na anayefariki asipoandikwa humo, kijiji hakina la kuonyesha kinapodai mwalimu au dawa za zahanati. Naona daftari hilo linastahili kutunzwa kama hati ya ardhi.

Wageni wengi huwaona hawa watu wachache na kudhani mamlaka yote yako ng'ambo, Kilindoni. Sivyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kijiji kilichoandikishwa kina halmashauri yake ya wajumbe 15 hadi 25, yenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Juu ya halmashauri hiyo upo mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi; mtendaji ni mwajiriwa. Chini yao viko vitongoji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, chini ya macho ya mkutano mkuu. Hapa Chole, ambako ardhi ni haba na wawekezaji wa utalii wanaitamani, mamlaka hayo si madogo hata kidogo. Anayekosa mkutano huo anawaachia wengine waamue juu ya kiwanja cha wajukuu zake.

Mkutano mkuu hutakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wewe unayesoma haya ukiwa mjini, na kwenu bado ni kijiji, pigia simu nyumbani leo: uliza mkutano wa mwisho ulifanyika lini, na kama majina ya watu wa kwenu yamo daftarini.