Usiku Mrefu wa New York

Tulipomwambia mama yetu kuwa tungekwenda New York kumwona mjukuu wake, hakuuliza nauli wala baridi. Aliuliza, "Wanangu, humo angani tutaswali mara ngapi?" Hatukuwa na jibu.

Tulilolijua ni masafa. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 ipo ndege iendayo moja kwa moja, isiyotua Ulaya wala Ghuba. Kwenda ni kama saa 15, na kurudi ni kama saa 14. Tofauti hiyo huletwa na upepo wa juu uvumao kutoka magharibi: aendaye Marekani huukabili, naye arudiye husukumwa nao. Wazee wetu wa majahazi, waliongojea kaskazi na kusi, wasingestaajabu.

Tulitoka Mombasa mwezi wa Disemba. Magharibi na isha tuliziswali Nairobi, na ndege ikapaa karibu na saa sita za usiku. Tulielekea machweo ya jua, na usiku ukafuatana nasi. Saa ya mkononi ya mama ilipofika kumi na moja, wakati wa adhana kwetu, alijiinua kwenda kuswali. Tukamzuia kwa upole: dirishani giza lilikuwa totoro, na wakati wa alfajiri hutazamwa pale msafiri alipo. Alikaa tena, ingawa moyo haukutulia.

Alfajiri iliingia juu ya Atlantiki, saa ya mama ikisema saba na nusu mchana. Mombasa watu walikuwa wamekwisha swali adhuhuri. Mhudumu alituonyesha nafasi karibu na mlango wa nyuma, nasi tukaswali mmoja mmoja tukielekea mkiani, maana Makka ilikuwa nyuma yetu. Saa 15, swala moja.

Kurudi kulikuwa kinyume. Tuliondoka New York baada ya saa sita mchana, adhuhuri ikiwa imeingia tukiwa tumeketi vitini. Tukaiswali pamoja na alasiri kwa ruhusa ya msafiri, na haukupita muda jua likazama. Magharibi, isha na alfajiri zilitujia kabla hatujaiona ardhi ya Kenya. Saa 14, swala tano.

Basi enyi mama na dada mnaojiandaa kwa safari ya mbali, mnapoulizia tikiti ulizieni pia saa ya kuondoka na upande wa kuelekea, kisha mwombe kiti cha dirishani. Mama yetu sasa huwaeleza hayo majirani, kabla hata hajawaonyesha picha ya mjukuu.