Kabla ya Kukubali Kisu

Upasuaji wa plastiki ni jina linalowapotosha wengi. Wanafunzi wangu hudhani kwamba daktari hutia plastiki mwilini, kama fundi atiavyo kiraka katika ndoo. Sivyo. Asili ya neno hilo ni Kiyunani, na maana yake ni kufinyanga. Daktari wa kazi hii, mithili ya mfinyanzi, hutumia udongo uliopo: hutoa ngozi mahali pamoja akaipeleka mahali pengine. Kuumba ngozi mpya si kazi yake.

Ufundi huu ulikua vitani. Tangu mwaka 1917, huko Sidcup, Uingereza, Harold Gillies aliwatibu askari waliovunjwa nyuso na makombora. Katika Vita vya Pili jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua. McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, walianzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo yaitwa Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji huu. Basi asidhani mtu kwamba ni anasa ya matajiri waliochoshwa na pua zao. Wako watoto wengi kwetu wanaouhitaji: aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na aliyeungua jikoni.

Binti wa dada yangu ni mmoja wao. Akiwa na umri wa miaka 3 aliangukia sufuria ya uji uliokuwa ukitokota. Jeraha lilipona, walakini kovu lilijikunja, likavivuta vidole vitatu vya mkono wa kulia hata vikalala kiganjani. Ndiyo desturi ya kovu la moto: hujikaza likomaapo, na mtoto akikua, lenyewe halikui sawasawa naye. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alipotimiza miaka 14 tulimpeleka kwa daktari bingwa.

Dada yangu alitaka kujua gharama. Daktari alimgeukia mtoto kwanza, akamwuliza, "Wewe mwenyewe wataka mkono huu ufanye nini?" Mtoto alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema kwamba anataka kumsuka nywele mdogo wake. Mama alikuwa akitarajia mkono mzuri; mtoto alitaka mkono wa kazi. Daktari akasema, "Huo waweza kupatikana. Mkono usio na kovu siwezi kuuahidi."

Akatueleza. Angelipasua kovu, avinyoshe vidole, kisha achune ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza penye pengo. Kwa hiyo majeraha yangekuwa mawili. Ngozi iliyopandikizwa haina damu yake. Siku za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya chini yake, mpaka mishipa midogo iungane nayo. Ikitikiswa, au damu ikikusanyika chini yake, hufa. Rangi yake hailingani kabisa na ya jirani zake. Baadaye huja gango na mazoezi ya kila siku kwa miezi mingi, la sivyo vidole hurudi kujikunja. Tena, kwa kuwa mtoto angali anakua, huenda akahitaji kisu mara nyingine. Dada yangu alilia aliposikia hilo. Mtoto hakulia.

Aliulizwa pia kama vidonda vyake huvimba vikipona, kwani sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi na keloidi, yaani kovu linalovuka mpaka wa jeraha. Na kulikata tu, bila tiba nyingine, aghalabu hulirudisha. Mwenye keloidi, au mwenye ndugu aliye nayo, na aseme mapema. Aseme na dawa anazotumia, hata za mitishamba, maana baadhi huzidisha kutoka damu. Mvuta sigara huambiwa aache majuma kadhaa kabla, kwa sababu sigara hubana mishipa. Tena yako masharti ya nusukaputi: chakula huzuiwa kwa muda wa saa 6 au zaidi. Anywaye chai ya maziwa kwa siri huhatarisha maisha yake, kwani matapishi yaweza kuingia mapafuni.

Wako pia watakao kubadili umbo lisilo na kasoro. Simlaumu mtu mzima kwa mwili wake. Nayalaumu matangazo, ambayo huonyesha picha ya kabla na ya baada, na kuyaficha majuma yaliyo katikati. Nani atashika kisu? Nani atasimamia usingizi? Mambo yakiharibika usiku, mgonjwa atapelekwa wapi? Baraza linalosajili madaktari nchini Kenya huweka orodha yao na ubingwa wao, na daktari anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Mkono wa yule binti sasa hufunguka, ila kidole cha mwisho kingali kimeinama. Kovu lipo, na kiraka cha ngozi ni cheusi kuliko kiganja. Husuka nywele polepole, na mdogo wake hulalamika kwamba anavutwa. Likizo ijayo atarudi kwa daktari kwa ajili ya kidole hicho. Amekwisha kuandika maswali yake katika karatasi. La kwanza ni kama atakosa masomo, na kwa siku ngapi.